Nilimtuma Marehemu Baba Amtembeze Mama

Shikamoo Mama Damari.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Singida mjini, ukurasa wako huwa nausoma maktaba ya shule, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia. Naomba jina langu usilitoe, na majina ya watu wa nyumbani nimeyabadilisha. Darasani mimi si msemaji, mwalimu akiniuliza hata jambo ninalolijua huwa naangalia meza, lakini kuandika naweza, na huko kuweza kutunga maneno ndiko kulikonifikisha hapa nilipo.

Baba alifariki mwaka jana mwezi wa tatu. Mama akakaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, kwenye godoro la chumba cha nyuma, pembe ileile aliyokalia bibi mzaa baba alipofiwa na babu. Siku ya kumaliza eda shangazi Hanifa, dada yake baba anayeishi nasi, alipika pilau, watu wakala wakaaga, halafu mama akarudi kukaa palepale na hakuna aliyemwambia asirudi. Ukoo wa baba ulikuja huku zamani na biashara kutoka Pwani, na kwao mjane mwenye heshima haharakishi kutoka. Bibi alikaa miaka mitano. Shangazi akisimulia husema, "Mama yetu alikaa mpaka walipomtoa," na husema kwa kujivunia, ila haongezi kwamba walipomtoa kwenda kumzika alikuwa na mguu mmoja, kwa sababu wa pili ulikatwa kwa ugonjwa wa kisukari.

Kwenye pembe ile kuna doa ukutani, la mafuta ya nywele, mahali bibi alipokuwa anaegemeza kichwa. Rangi imepakwa mara mbili na doa limerudi. Mwezi wa kumi niliingia kumpelekea mama uji nikakuta kichwa chake kimeegemea doa lile, sawasawa kabisa, na mama ni mrefu kuliko bibi, kwa hiyo sijui alifupika lini.

Nataka ujue kwamba mama hakuwa mtu wa kukaa. Tuna duka la mafuta ya alizeti, na ni yeye aliyekuwa akienda Misigiri na Kinyangiri kununua mbegu, anatembea shamba hadi shamba, wauzaji wakimwambia apande pikipiki anawajibu, "Pikipiki itanionyesha kilichofichwa chini ya gunia?" Alikuwa anatumbukiza mkono mpaka kwapani, anatoa mbegu za chini, anamwangalia muuzaji usoni bila kusema kitu, na muuzaji mwenyewe anapunguza bei.

Mwezi wa kumi na moja alianguka bafuni, tukampeleka kituo cha afya, wakasema sukari iko juu sana. Nesi mmoja, Flora, akamwambia, "Mama, vidonge nakupa, lakini vidonge peke yake havitoshi. Utembee nusu saa kila siku, mpaka kijasho kitoke. Mwili uliozoea kazi umeukalisha ghafla, sasa unakudai."

Shangazi ndiye aliyejibu. "Mjane atembee aende wapi? Watu watasema anatafuta mume."

"Na huyo mume akija," nesi akasema, "atamkuta na miguu?"

Shangazi hakucheka. Mama alicheka kidogo, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Nikasoma kila nilichopata kuhusu kisukari na mazoezi, nikachora jedwali la wiki nikalibandika mlangoni kwake, na kila siku mama alinijibu, "Nitaanza kesho, mwanangu. Mtembeaji alikuwa baba yako." Ni kweli, baba kila siku baada ya swala ya alasiri alikuwa anatembea mpaka ziwa Kindai na kurudi. Basi mwezi wa kwanza mwaka huu nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilimwambia mama kwamba nimemwota baba.

Mama akanigeukia. "Alisemaje?"

"Alisema, mwambie mama yako anisindikize."

"Alikuwa amevaa nini?"

Hilo sikuwa nimeliandaa, Mama Damari, nikasema la kwanza lililonijia, tena nililipamba ili liwe na ukweli. "Alikuwa peku, mama. Miguu imelowa, kama ametoka kutawadha."

Mama akaniangalia muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Basi na mimi nitavua."

Kesho yake alfajiri nilisikia miguu uani. Nilichungulia, nikamwona mama anauzunguka ua, peku, kanga imefungwa vizuri, anatembea kama mtu mwenye safari. Akaendelea hivyo kila alfajiri. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa amepungua, anapanda ngazi za duka bila kuhema, na sukari ilipopimwa ilikuwa imeshuka, nesi Flora akampigia makofi mbele ya wagonjwa wengine. Mimi nilirudi nyumbani na furaha na woga pamoja, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuona mambo mengine.

Mama hatembei peke yake. Anaacha nafasi upande wa kushoto, ya kumtosha mtu mmoja. Akifika kwenye tangi la maji anapanua kona, ili huyo wa kushoto asijigonge. Anaongea kwa sauti ya chini, ananyamaza kwa muda ambao mtu angeutumia kujibu, halafu anacheka au anasema, "Punguza mwendo, Baba Rahimu, mimi si mwanajeshi." Rahimu ni kaka yangu mkubwa, yuko chuo Dodoma. Siku moja nilijaribu kutembea naye, nikasimama kushoto, na mama akanisogeza kwa mkono, kwa upole, bila kuacha mazungumzo yake.

Mwezi wa nne aliniambia, "Mwanangu, miguu yangu imekuwa myepesi. Sisikii kokoto, sisikii baridi ya sakafu. Ni kama sikanyagi chini." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu la mazoezi yake, nikaweka alama ya vyema.

Wiki mbili zilizopita yakaanza madoa. Doa jeusi la duara kwenye sakafu, kisha hatua moja hakuna kitu, kisha doa jingine, kutoka mlango wa uani mpaka chumba cha nyuma. Shangazi akiyaona huyafuta mama akiwa amerudi kulala baada ya kutembea, na aliniambia, "Usiseme kwa watu. Kaka yangu anatembea humu ndani na hajaridhika." Tangu hapo anafukiza ubani asubuhi na jioni. Lakini chini ya ubani kuna harufu nyingine, kama maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa, na inazidi ukikaribia godoro la mama.

Jumamosi hii, jua likiwa limeshatoka, niliyafuata madoa yale. Mama alikuwa amelala baada ya kutembea, miguu imetoka nje ya shuka. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na mwiba wa mgunga, wa uzio wa mbuzi wetu, umezama wote, umebaki mkia tu, na pembeni nyama imekuwa rangi ya zambarau. Niligusa, mama hakuamka. Nikabonyeza, maji yakatoka. Mama akafumbua macho akaniangalia, mkono wangu ukiwa palepale kwenye kidonda, akaniuliza, "Unatafuta nini, mwanangu?"

Nikamwambia kuna mwiba. Akasema, "Hauumi. Tangu baba yako ananitembeza hakuna kinachoniuma." Kisha akasema nisimwambie shangazi, kwa sababu akijua atamkalisha tena.

Sasa sijui la kufanya. Nikimwambia mama kwamba ndoto ilikuwa ya uongo, atarudi kukaa penye doa la bibi na atakufa kama bibi, na nikinyamaza ataendelea kutembea na mtu niliyemleta mimi. Na nisikufiche, alfajiri nikiwasikia wakiongea, kuna siku huwa nangoja nisikie sauti ya pili. Namba niliyoandika chini ni ya simu ya mama, mimi huishika Jumamosi na Jumapili.

Ni mimi,
Mtoto wa Ndoto, Singida Mjini

Mama Damari anajibu

Marahaba, binti yangu. Kama unasoma hapa ukiwa maktaba, funga gazeti, muombe mwalimu ruhusa, nenda nyumbani. Yaliyobaki utayasoma ukiwa kwenye benchi la hospitali.

Barua yako imenifikia jana Jumatano jioni, nikaipigia ile namba ingawa haikuwa siku yako. Iliita mara nne bila jibu. Leo alfajiri ikapokelewa. Aliyepokea hakusema neno, nilichosikia ni miguu ya mtu anayetembea taratibu kwenye kokoto, kisha simu ikakatwa. Kwa hiyo najua bado anatembea, na ndiyo maana nimemwomba mhariri aondoe barua nyingine zote ukurasa huu utoke na yako.

Mama yako asikanyage tena kwa mguu ule. Umesoma vitabu vingi kuhusu mazoezi, na ulichosoma ni sahihi, lakini hukufika ukurasa wa miguu. Sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za nyayo. Ule wepesi ulioupigia alama ya vyema haukuletwa na mazoezi wala na marehemu. Ulikuwa ugonjwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kutembea juu ya mwiba wiki mbili kama wewe unavyotembea juu ya zulia, na harufu uliyoisikia ni ya kidonda. Bibi yako huenda alianza hivyohivyo.

Ita bajaji ije mpaka mlangoni, apande leo, aende hospitali yenye daktari. Mwiba usiung'oe wewe. Mguu usiuloweke kwenye maji ya moto, hatajua kama yanamuunguza. Na shangazi akija na chupa ya asali au majani, mwambie nimemkataza mimi, anitukane akipenda, nimeshazoea. Shangazi mwenyewe asibaki nyumbani, apande bajaji hiyohiyo akapimwe sukari, maana aliye damu ya yule bibi ni yeye, si mama yako. Na hilo la kuona damu sakafuni, ukaifuta siku kumi na nne bila kutazama mguu wa mtu hata mmoja, Bi Hanifa, kama unasoma hapa, ukae nalo.

Kuhusu kukaa ndani, mimi si wa dini yenu, kwa hiyo nilimuuliza jirani yangu Mzee Selemani, ambaye ni imamu. Akaniambia miezi minne na siku kumi ni miezi minne na siku kumi, na mwanamke akishamaliza, akitembea kwa ajili ya afya yake hakuna anayeweza kusema ni aibu. Kipande hiki cha gazeti kikateni mumpe shangazi.

Sasa uongo wako. Ulikosea, na kosa lako si dogo. Kumtuma marehemu ni kumpa kazi mtu ambaye huwezi kumwambia aache. Na ile peku uliyoipamba ili ndoto ipendeze ndiyo iliyomvua mama yako viatu. Uliandika vizuri mno, binti yangu. Siku nyingine mtu akikuuliza swali ambalo hukuliandaa, sema hujui.

Utamwambia ukweli leo, ndani ya bajaji, umemshika mkono. Atakasirika, mwache akasirike. Ila nina jambo nataka ulifikirie. Umeniambia mwenyewe kwamba mama huyu alikuwa anatumbukiza mkono chini ya gunia, anatoa mbegu, anamwangalia muuzaji bila kusema kitu. Mtu wa hivyo akikuuliza baba yako alivaa nini, unadhani alikuwa anataka habari za nguo? Alikuwa anakupima. Na nadhani alijua tangu siku ile. Lakini alitaka kuinuka, na katika nyumba yenu hakuna mkubwa aliye hai aliyekuwa tayari kumpa ruhusa, akaipokea kutoka kwa huyo uliyemleta. Hatarudi kwenye doa la bibi kwa sababu ya ukweli wako. Alishaamua kutorudi.

Anaongea na nani alfajiri, sijui, na sitajifanya najua. Mume wangu ana miaka tisa kaburini na nikipika bado namuuliza kama chumvi imetosha. Wewe usingoje sauti ya pili. Ukisikia mama anaongea, toka nje umsalimie.

Kidonda kitachukua wiki, huenda miezi. Wakati huo afanye mazoezi ya mikono akiwa ameketi kitini, nesi Flora atawaonyesha, na kitini maana yake si kwenye godoro. Hilo godoro litolewe nje. Kila jioni ukague nyayo zake zote mbili, uzitazame kwa mwanga, katikati ya vidole pia. Daktari akimruhusu kutembea, awe na viatu vilivyofunika vidole, na kila mara kabla hajavaa, tumbukiza mkono ndani ya kiatu, mpaka mwisho, kama yeye anavyofanya kwenye gunia.

Kisha mtoke nje ya geti. Msizunguke ua tena. Shikeni njia ya Kindai saa ya alasiri, watu wawaone. Wewe tembea kushoto kwake, na akikusogeza, rudi palepale. Akifika penye kona atapanua bado, kwa mazoea. Mwache apanue, na wewe pita kwenye nafasi hiyo.