Kigae cha Samaki wa Buluu

Beimen, 3 Mei 2006

Mwanangu Siu-bi,

Hujambo? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Sikupiga simu kwa sababu ningelia.

Jumapili ulileta watalii wako hapa kwenye mashamba ya chumvi. Nilipita na mzega wangu begani, vikapu viwili vya chumvi vikining'inia, hatua tatu kutoka kwako. Wakataka picha na mimi, ukatupiga picha, kisha ukasema, "Haya, tumwache bibi afanye kazi." Bibi! Ndiyo, uso nilikuwa nimeufunga kitambaa cha maua kwa ajili ya jua. Lakini ulinijua. Masikio yako yaliiva yakawa mekundu.

Hilo nimelimeza. Ila ukawaambia vigae vya sakafu ya mashamba haya viliagizwa kiwandani. Mwongo wee! Ni mitungi na mabakuli yetu yaliyovunjika, tuliyapanga kwenye tope kwa mikono hii, mimi na bibi yako. Kile chenye samaki wa buluu, karibu na ghala, ni cha bakuli ulilolivunja ukiwa na miaka sita. Ulilia mpaka nikakubeba ukaone nilipokiweka.

Mama yako

Taipei, 29 Juni 2006

Mama,

Shikamoo. Magoti yamepata nafuu? Barua yako imekaa mezani wiki nane. Nimeona aibu, sina neno jingine. Bosi wangu alikuwepo siku ile, na nilikuwa nimemwambia mama yangu ni mwalimu mstaafu. Nilikujua kwa mwendo kabla hujafika.

Na kigae nilikikumbuka. Nilipokuwa nikisema habari za kiwanda, nilikuwa nimekifunika kwa kiatu changu.

Jana nilirudi huko na watu thelathini, bosi pia. Nilipiga magoti nikawaonyesha samaki. Nikasema, "Bakuli hili nililivunja mimi. Aliyekipanga kigae hiki ni mama yangu, amevuna chumvi hapa miaka arobaini." Nikageuka nikuite, hukuwepo. Mzega ulikuwa njiani, vikapu vimejaa. Umenikimbia, na nimestahili.

Binti yako

Beimen, 4 Julai 2006

Siu-bi,

Marahaba, mwanangu. Magoti ni yaleyale.

Sikukukimbia kwa hasira. Nilipoona basi lenu nilijificha nyuma ya ghala, nisije nikakuaibisha tena mbele ya watu wako. Nilisikia kila neno. Nikashindwa kutoka, kitambaa kimelowa machozi, na haya imenishika, mtu mzima kujibanza kama mwizi wa kuku.

Siku nyingine niite kwa sauti. Nitaweka mzega chini, nifungue kitambaa, nije. Na huyo bosi wako aje ale uji wetu wa mchele na samaki mwatiko.

Mama