Chai Aliyoionja Salumu

Baba,

Amahoro, amani iwe nawe. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako katika kiwanda chetu cha mawese, mgongo ukutani kama ulivyokaa wewe, niwaone wote wanaoingia. Tangu tukuzike, dereva akiniona anakata simu. Akina mama wanaochambua chikichi wananyamaza nikipita. Wananihurumia, au wananificha jambo? Sijui, na usingizi sina.

Zamani hukuwa mtu wa kushuku watu. Rumonge nzima ilikujua kwa kicheko. Mama alipofariki ulirudi kazini hata matanga hayajaondolewa, nasi tukakusifu: mwanaume kweli! Daktari wa Bujumbura alipokwambia huzuni imekuwa ugonjwa, ulituambia garini, "Huyo naye wamemununua."

Halafu ikaja habari ya chai. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue haina sumu, apokee kwa moyo mweupe. Wewe ukaigeuza: mgeni aonje, ndipo unywe. Mzee Salumu, mliyeanzisha naye kiwanda hiki, alikataa. "Miye nikuonjee? Si hapa iko kwako?" Ukamfukuza chai ikiwa bado ya moto. Shamba letu la Bugarama ukamuuzia yule tajiri aliyeonja haraka, akitabasamu. Nilikukasirikia, Baba. Niliapa mimi singekuwa hivyo.

Sasa tajiri huyo anataka kiwanda chenyewe. Anataka nitie sahihi kabla ya arobaini yako. Mbona haraka hivyo? Kuna siku nataka kumpa tu, nipumzike na nyuso hizi zote.

Jana Salumu alikuja kunipa pole. Nilimimina chai, vikombe viwili, nikakaa. Nikasubiri. Baba, nilikuwa namsubiri aonje! Alinielewa, akachukua kikombe changu, akanywa kidogo, akanirudishia.

"Kunywa, mwanangu. Baba yako nilimunyima hii, akabaki peke yake."

Nililia mbele yake bila aibu. Na hata katikati ya machozi, moyo uliuliza: huyu mzee anatafuta nini? Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si yeye niliyemwogopa.

Lala salama, Baba yangu. Nimekusamehe lile shamba. Nakuahidi sitatia sahihi popote mpaka arobaini ipite, na wiki hii nakwenda Bujumbura kwa yule daktari. Salumu amekubali kunisindikiza. Tukirudi nitamkaribisha hapa, kwenye meza yako, na nitaonja mimi kwanza.

Binti yako,
Zaituni