Mzee wa Meza ya Jirani

Borna, 11 Machi 1984

Kaka yangu mpendwa Joachim,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Margret na watoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kulegea. Mimi si haba, ila magoti yananisumbua kwa hizi ngazi. Tunakaa ghorofa ya tano. Kahawa na soksi za Krismasi zilifika salama. Ahsante sana.

Nikupe habari za nyumbani, ingawa hilo neno nyumbani siku hizi sijui nilitumie wapi. Kijiji chetu, Zwerbitz, hakipo tena. Kanisa walilibomoa wakati wa vuli, na mashine ya kuchimba makaa imeshapita pale lilipokuwa zizi letu. Ukisimama barabarani unaona shimo tu, jeusi, mpaka macho yanachoka. Makaburi waliyahamisha. Mama yuko hapa Borna sasa, karibu na ukuta wa kiwanda.

Unakumbuka ulipovuka kwenda Magharibi, meza yetu ya karata, ya mchezo wa Skat, ilibaki na Baba na Reinhold mhunzi peke yao, na Skat haichezeki bila watatu. Baba aliapa karata hazitagawiwa mpaka uone aibu urudi. Wakajenga ukuta wa Berlin, hukurudi. Mwishowe Reinhold akanivuta mimi nikae mahali pako. Mara ya kwanza nilipotoa ghulamu, karata kubwa, ovyo, Baba alinitazama juu ya miwani: "Friedel, unatupa turufu kama mtu anayelisha kuku!" Reinhold akamrukia: "Mwache mtoto, Traugott. Wewe juzi ulipandisha dau mpaka arobaini na mkononi huna hata cha kutambia." Ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo, kaka, tukipandishiana dau. Kumi na nane? Ninayo. Ishirini? Ninayo. Nimepita. Kijiji kizima kilijua kwamba Jumapili mchana hatutembelewi.

Tulipohamishwa, Reinhold alipewa chumba Leipzig, sisi huku. Mwanzoni alikuja kwa basi. Halafu mapafu yakamshinda, akafa kabla ya Pasaka ya mwaka jana. Nikamtafutia Baba mtu wa tatu humu jengoni. Jirani wa chini anatoka kaskazini, anajua Doppelkopf tu, mchezo wa watu wanne, ambamo kumi ya kopa inawapiga hata maghulamu. Baba alimwambia mchezo wa namna hiyo umetungwa na walevi. Jirani akachukua kofia yake, hajarudi.

Basi Baba akawa anagawa mikono mitatu ya karata, wake, wangu, na wa tatu anaulaza kifudifudi upande wa dirisha. Zamu ya mkono ule ikifika anaufunua mwenyewe na kuucheza vizuri kuliko wake. Sikumuuliza ni wa nani. Nilikuwa nikienda jikoni nikifungulia maji ili asinisikie.

Oktoba akaniambia ataomba ruhusa ya kuja kwako, maana wastaafu wanaruhusiwa kuvuka. Miaka yote alikuwa akisema aliyeondoka ndiye anayejua njia ya kurudi. Safari hii alisema, "Nimechoka kumngoja. Nataka nicheze naye mara moja." Alinyoa ndevu kwa ajili ya picha ya pasi, akanunua karata mpya, akanikataza kukuandikia, ati akushtukize. Alikuwa amekonda mno, nikamkazia shati kwa pini. Alipewa siku kumi. Siku ya tatu nikamsikia anapanda ngazi. Alisema majirani walimwambia umesafiri kikazi. Nilikukasirikia, kaka, kwa kosa ambalo hukulijua.

Sasa sina pa kuzungukia tena. Baba amefariki. Ni ugonjwa wa tumbo, alikuwa ameuficha tangu kiangazi. Tulimzika mwishoni mwa Februari kando ya Mama, watu sita tu, kwa kuwa Zwerbitz imetawanyika na wengine sijui hata waliko.

Alinieleza ukweli hospitalini, siku mbili kabla. Alifika kwako, kaka. Mwanamke wa nyumba ya pili alimwambia uko kwenye baa ya kona. Akaingia, akaketi meza ya jirani, akakutambua kabla hajaiona sura yako, kwa ule mgongo wa vidole unaougonga mezani ukitoa karata, kama yeye. Ulikuwa na wenzako, na mzee mmoja wa kizibao, nadhani mkweo, ambaye ulimwita Baba. "Toa basi, Baba, tunazeeka hapa!" ulimwambia, na meza nzima ikacheka. Baba yetu aliona kila karata iko mara mbili, hakuelewa kitu. Akainama, akauliza ni mchezo gani huo.

Ukamjibu kwa lafudhi ya huko, macho kwenye mkono wako: "Binokel, mzee. Usijisumbue, huu lazima uzaliwe nao." Kisha uliinua uso. Ulimtazama, Joachim. Ulimtazama, ukamuuliza kwa adabu kama anamngoja mtu. Akasema hapana, anapumzika tu.

Nilimuuliza kwa nini hakutaja jina lake. Akanijibu, "Ningemwambia nini? Alikuwa anacheka. Na mezani walikuwa wameshatimia." Akageukia ukutani. Hakuomba tena chochote isipokuwa nisikwambie.

Nimekwambia. Wiki mbili nimejaribu kulibeba peke yangu, nimeshindwa. Silali, sipiki, nikisikia mtu anagonga kitu mezani huko chini moyo unanitoka. Sikulaumu. Ndevu hakuwa nazo, na ni miaka ishirini na mitatu. Lakini siwezi kukudanganya kwamba hilo linanipoza, wala sidhani litakupoza wewe.

Usihangaikie safari, mazishi yamekwisha. Nisalimie Margret, uwabusu watoto. Na yule mzee wa kizibao msalimie pia, umwambie dada yako anamtakia afya njema. Yeye hana kosa.

Nabaki dada yako,
Elfriede (Friedel)