Sakafu Isiyomwagiwa Maji

Jumapili, 8 Juni 2025

Tumeng'oa zulia la sebuleni. Uchafu gani huu! Zege la chini limejaa madoa ya manjano — mikojo ya paka wa waliotuuzia nyumba. Nimetapika mara mbili. Na si mimba peke yake, ingawa mwezi huu wa nane kila kitu kinaninukia. Vuai anacheka. Mume gani huyu!

Lakini huku kusini mwa dunia Juni ndiyo baridi yenyewe, na sakafu lazima ipate joto kabla Mama hajafika kutoka Tanga. Mwaka jana alikaa siku tisa tu. Kusali chini, kula chini, magoti yakamfa ganzi, akarudi zake. Safari hii namtaka arobaini yangu yote. Sina mwingine wa kunilea.

Jumatano, 11 Juni

Mugambi, fundi wa umeme, kaja kupima. Njia tatu za kuipasha sakafu joto, anasema. Mabomba ya maji ya moto ndani ya zege — kuvunja sakafu nzima, sahau. Nyaya ndani ya gundi ya vigae — wiki mbili na zaidi. Au karatasi za umeme zinazopata joto, chini ya mbao nyembamba za kupachika — siku mbili, ila mbao hizo hazitaki maji. Kitambaa chenye unyevu, basi.

Vigae, nikasema. Sakafu isiyomwagiwa ndoo ni sakafu gani? Vuai anataka mbao. Eti kaka yake Faisal kaweka kwake Liverpool, zimependeza. Kila kitu Faisal!

Mugambi kakunja pua. "Lakini boss, hii slab ya zege inanuka. Osha, seal na dawa ya kuziba, ungoje ikauke." Vuai kajibu sawa sawa. Ile sawa sawa yake naijua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi kutoka kazini, Vuai na mbao zake zimeshalazwa! Zege lilioshwa? Eti lilifutwa. Kwa kitu gani? Kwa taulo. Taulo gani?

Nimelikuta kwenye sinki. Langu la uso. Kinyaa!

Alhamisi, 19 Juni

Mama kafika. Kavua soksi, kasimama katikati ya sebule, kafumba macho. "Mwanangu, kama niko kwetu." Nimelia. Leo nimemsamehe Vuai, hata taulo.

Jumamosi, 21 Juni

Baridi kali. Vuai kapandisha joto mpaka mwisho. Alasiri Mama kasujudu, mara kainuka. Kanusa kiganja. Kanusa mswala. "Fawzia, mnafuga paka?"

Ya Rabi! Joto limeupandisha mkojo wote. Naunusa sasa hata kwenye chai. Nimemwambia ukweli. Hakugomba. Kasema haweki paji la uso juu ya najisi, mjukuu wake halazwi hapo, na kufuta si kuosha. Kajifunga kanga kiunoni, kauliza ndoo iko wapi.

Vuai katoka chumbani mbio. "Mama, samahani, hii haimwagiwi maji." Mama kamuuliza kwa adabu kabisa: haioshwi, au nyinyi ndio hamjui kuosha? Basi Mama kanigeukia mimi: tikiti yake inaweza kubadilishwa tarehe?

Nimejikalia kwenye kochi na daftari hili, maana nikifungua mdomo nitatapika. Vuai kapiga magoti kwenye mbao zake, mikono kaitandaza. Mama kasimama mlangoni, ndoo imejaa mpaka ukingoni. Wananitazama mimi, wote wawili.

Naweka kalamu. Naenda kuzima swichi kuu ya umeme, Mama apate kumwaga.