Siku Hadithi Yangu Iliposomwa Kanisani

Mpendwa Mwende,

Kwa masikitiko makubwa, familia inakutangazia kuwa mbuzi wa babu yako amekula pazia la sebuleni. Mbuzi anaendelea vyema. Babu yako bado hazungumzi naye. Sisi wengine tu wazima, na mvua imefika hadi Mwala.

Unauliza kama ni kweli nilimkemea mzee wa kanisa alipotaka nifunge jarida langu la hadithi za kutisha, maana mwalimu wako naye anataka uache kuziandika.

Jarida lenyewe lilikuwa karatasi za fotokopi nilizopiga stepla jikoni, likiuzwa sokoni Kyumbi kando ya machungwa. Jumapili moja mzee aliinua nakala mbele ya waumini.

"Sikieni uchafu wa huyu mama!"

Akasoma hadithi ya mchota mchanga aliyefukiwa na ukingo wa mto, anayerudi kubisha mlangoni kwa mkewe akidai koleo lake. Alisoma vizuri kuliko mimi. Hata watoto walitulia. Alipofika "itaendelea", mama mmoja akaita kutoka nyuma:

"Ai, mzee! Sasa mkewe alifungua ama hakufungua?"

Watu wakacheka. Mzee akaninyooshea kidole. "Hilo jarida life leo!"

Ukweli, mjukuu wangu, sikumkemea mtu. Nilienda nyumbani nikilia kama mtoto. Jumatatu nikaandika sehemu ya pili, nikaitoa, na jina langu nikaliweka juu kabisa kwa herufi kubwa kuliko za sehemu ya kwanza.

Susu wako