Feruza, Jina la Binti Yangu

Jumatatu, 5 Mei

Mwiko kugonga ukingo wa sufuria. Mara moja tu. Tangu jana sauti hiyo haijanitoka. Nilikuwa nimetaja jina nililomchagulia mtoto, Feruza, na mama mkwe akaacha kusonga ugali.

"Hilo si jina la watumwa?"

Elias, mume wangu, akaangalia miguu yake.

Leo nimeshinda nikichambua tumbaku, mtoto mgongoni.  Ubatizo ni Jumapili. Nina hasira.

Jumatano, 7 Mei

Mama mkwe hakukosea. Feruza ni neno la Kiajemi, jiwe la buluu la kwenye pete. Lilifika Tabora na misafara. Watu walionunuliwa walipewa majina ya vito: Almasi, Marijani, Feruzi. Mali iliitwa kama mali. Bibi wa bibi yangu aliitwa Feruza tangu aliponunuliwa akiwa msichana. Jina alilopewa na mama yake nimeliuliza kwa kila mzee wa kwetu Gongoni. Hakuna anayelijua.

Elias amesoma kwenye simu kwamba asili ya jina hilo ni ushindi. Anataka tumwambie mama hivyo, yaishe. Nimempigia bibi, ambaye naye ni Feruza. Amecheka. "Mwambie ushindi, mjukuu wangu. Mkwe hulambishwa asali."

Sitaki. Yule bwana aliyemnunua hakuwaza ushindi. Aliangalia pete yake.

Ijumaa, 9 Mei

Mtoto amelia asubuhi nzima. Hapa Usoke wanasema mtoto asiyenyamaza anadai jina. Hutajiwa marehemu mmoja mmoja mpaka atulie. Mama mkwe akaanza. Kalunde. Mtoto akalia. Nyamizi. Akalia zaidi. Wote wa upande wake.

"Haya, taja na la kwenu tuone."

Nilikataa. Mtoto angenyamaza, wangesema mzimu wa mtumwa umemshika. Asingenyamaza, wangesema hata yeye halitaki. Jina hili halipigiwi kura.

"Ana njaa, mama," nikasema. Nikamnyonyesha. Akanyamaza.

Jumamosi, 10 Mei

Elias ameniuliza kwa nini nimrithishe mtoto aibu. Aibu ni ya aliyenunua. Nimemwambia hivyo, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Yule mwanamke aliitikia Feruza akipika, akilima, akizaa, mpaka akafa. La kwanza walimnyang'anya. La pili tulitupe sisi?

 Elias alitoka kwenda kuangalia bani la kukaushia tumbaku, ambalo halina kitu.

Jumapili, 11 Mei

Tumerudi kutoka kanisani.  Mama mkwe amempakata mtoto uani, anamfukuzia nzi kwa ncha ya kanga. Jina la mtakatifu nilimwachia yeye. Amechagua Magdalena, na ndilo analomwitia sasa, kwa sauti ya chini. Sijamzuia.

Kule kanisani, padri alipouliza mtoto apewe jina gani, Elias alivuta pumzi. Nilijibu kabla yake. Feruza, nikasema, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho.