Alama Nilizozifuta kwenye Boriti za Kinu

Toronto, Jumanne jioni

Mama Tumaini, mke wangu,

Jana saa nane mchana Bi. Margaret, mhandisi anayesimamia ukarabati wa kinu cha upepo, alitutangazia kwamba kinu hakitasimamishwa kabla ya theluji, na huenda kisisimamishwe tena kabisa. Aliyasema hayo mbele ya mafundi wote, na hakuna aliyembishia. Aliyesababisha ni mimi.

Nisamehe kutanguliza habari kabla ya kukujulia hali. Mgongo umepoa? Tumaini na mdogo wake wanaendeleaje? Mimi mwili hauna neno. Nakula, naenda kazini, narudi nyumbani Scarborough kwa mabasi mawili. Usingizi ndio sina.

Nikueleze kwa mpangilio. Kinu chenyewe ni mnara wa mbao wenye mapanga manne, uliojengwa na walowezi wa zamani ili upepo uwasagie ngano. Chini kilikuwa kimeoza. Majira ya joto tulikivunja boriti moja moja tukazileta kwenye ghala huku Downsview, palipooza pakatwe, paungwe mti mpya, kisha kirudi bustanini kilipokuwa. Hakikushikwa kwa misumari. Kila boriti ina ulimi unaoingia kwenye tundu la mwenzake, na kila ulimi ulichongwa kwa ajili ya tundu moja tu. Mafundi wa wakati huo walitia alama kila kiungo, mikato midogo ya patasi na mistari ya chaki nyekundu, ili ijulikane ipi huingia wapi. Hilo nimelijua wiki hii.

Fundi mkuu wetu ni mzee wa Kiholanzi, Piet, aliyefanya kazi ya vinu tangu ujana wake. Wiki mbili zilizopita alikwenda kupasuliwa jicho. Kabla ya kuondoka alinionyesha rundo la upande wa kushoto akasema, "Hizi zisafishe." Alimaanisha nifagie vumbi la unga na kinyesi cha njiwa. Mimi nikafuata useremala wa marehemu Baba. Unajua hakuwahi kumkabidhi mtu mlango wenye alama ya fundi. Mteja akiiona, atasema kazi chafu. Nikachukua randa, nikamalizia kwa msasa. Boriti ishirini na mbili. Ziling'aa, na nisikufiche, nilijisifu.

Sikuuliza. Miaka kumi na minne nikiwa mhariri gazetini niliwarudisha waandishi vijana mtaani kwa sababu hawakuuliza swali la pili. Mimi sikuuliza hata la kwanza.

Piet alirudi jana asubuhi, jicho moja limefungwa bandeji. Akapitisha kiganja juu ya boriti ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Na upande wa chini?"

"Pande zote," nikasema.

"Pande zote." Akakaa juu ya ndoo ya rangi. "Wewe ni hodari mno, bwana. Mvivu angetuachia hata upande mmoja."

Hapo Bi. Margaret akaingia. Akaona. Akauliza nani aliagiza zipigwe randa.

"Mimi," Piet akasema.

Akamwuliza kama ni jicho, kama hakuziona alama. Piet akatazama sakafu, na Bi. Margaret akalichukua hilo kuwa jibu. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwao. Nikanyamaza. Mchana ndipo akatangaza niliyokuandikia, na akaongeza kwamba Piet akae nyumbani mpaka kamati ya kinu ikutane. Kamati ikikata tamaa, boriti zitakatwa kuni.

Nilimkuta Piet kituo cha basi. Nikamwuliza kama zinaweza kupangwa bila alama. Akasema zinaweza: unajaribu ulimi mmoja kwenye tundu moja baada ya jingine, unasikia mkononi unavyoingia. Ni kazi ya majira yote ya baridi, na anayeiweza pale ni yeye. "Lakini hawatampa kipofu," akasema. Nikamwuliza kwa nini alisema uongo.

"Si uliniambia mkeo anakuja? Wangu yuko nyumbani tayari."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Uhamiaji wanangoja barua ya mwajiri inayothibitisha kazi yangu, na wa kuitia saini ni Bi. Margaret. Imeshapigwa chapa, iko mezani kwake, bado saini. Nikisema kweli, sioni kwa nini aitie. Bila hiyo, faili lenu linarudi mwanzo, na hakuna ofisa aliyekubali kuniambia mwanzo huo ni mrefu kiasi gani. Nawe umeniandikia kwamba umeshaacha kazi shuleni, na Tumaini ameaga rafiki zake. Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali uliposema mnaweza kungoja. Hapapo.

Deo, yule Mrundi aliyekimbia vita kwao, ninayekaa naye nyumba moja, nilimweleza leo tukipika.

"Kaka, nyamaza," akasema. "Ule mzee ni mwenyeji, atafanywa nini? Wewe bibi yako atakwama kule na ma-valise, masanduku yote, mlangoni."

"Na kinu?"

"Kinu! Unga wananunua dukani, mon frère. Nani anangoja upepo?" Akakoroga maharage. "Hilo jicho lingine linaona?"

"Linaona kidogo."

Hakuniambia tena ninyamaze.

Nimetafuta njia ya tatu, Mama Tumaini. Nimefikiri niache Bi. Margaret asaini kwanza, ndipo niseme. Huo ni wizi. Nimefikiri niiandikie kamati bila jina. Barua kama hizo tulizipokea gazetini, na najua tulizitupa wapi. Nimefikiri nikuulize wewe. Lakini barua hii itakaa njiani wiki tatu, na kwenye simu ya jirani, watu wamejaa sebuleni, ungesema "fanya unavyoona," na sote tungejua sivyo ulivyotaka kusema. Basi nimeamua peke yangu jambo lililo lako pia. Ukinikasirikia, anzia hapo.

Mwone mwalimu mkuu kabla hajaajiri mwingine. Watoto usiwaambie kitu mpaka upate barua yangu ya pili.

Nisalimie Mama mkwe, na umwambie kifua hakijanisumbua. Msalimie shemeji Hosea wa duka la vipuri, na shangazi Yustina anayekushikia watoto. Na jirani mwenye simu, mshukuru. Asijue zaidi ya hapo.

Leo saa kumi nilimpigia katibu wa kamati. Wanakutana Alhamisi saa tatu asubuhi, ukumbi wa maktaba. Wa kwanza kuitwa alikuwa Piet. Nimeomba nitangulie mimi, na katibu ameandika hivyo.

Mumeo,
Baba Tumaini